Kidole, Daftari na Kompyuta: Habari za Malale Katika Nchi ya Kisangani

Watu wengi wakisikia kwamba kompyuta yaweza kumshauri mganga namna ya kumtibu mgonjwa, hudhani ni jambo jipya kabisa. Wengine hucheka, wengine huogopa. Sisi twaona kwamba katika nchi ya Kisangani jambo lenyewe lina miaka zaidi ya mia moja. Kilicho kipya ni chombo tu. Maana kazi ya kompyuta hospitalini ni ipi? Hutunza habari za wagonjwa, huzikumbusha zinapotakiwa, tena hufuata kanuni iliyowekwa ndani yake na watu: mgonjwa akiwa na dalili hizi, fanya hivi, asipokuwa nazo, fanya vile. Kanuni na daftari, basi. Hayo mawili yalifika Kisangani kabla ya umeme.

Mwaka wa 1904 walifika Stanley Falls, yaani penye maporomoko ya Wagenya, waganga wawili wa Chuo cha Liverpool: J. Everett Dutton, Mwingereza, na John L. Todd, mtu wa Kanada. Mfalme Leopold alikuwa ameomba wachunguze ugonjwa wa malale, kwa sababu watu wa mto walikuwa wakifa kwa maelfu. Mbung'o wa malale hupenda kivuli cha kando ya maji, ndipo watu wanapoteka maji, wanapofua na kuvuka kwa mitumbwi. Kwa hiyo kila gati lilikuwa mahali pa hatari, na mto ambao ni barabara kuu ya Kongo ukawa barabara ya ugonjwa pia.

Hapo Stanley Falls waliona jambo jingine kubwa: kwamba homa fulani ya kurudia-rudia huletwa na papasi, wale wadudu wa nyumba za udongo. Wao wenyewe walishikwa na homa hiyo. Dutton akaendelea na safari mpaka Kasongo, na huko akafa tarehe 27 Februari 1905. Kidudu cha homa hiyo kinaitwa kwa jina lake hata leo.

Turudi kwenye malale. Kumtafuta mdudu wa malale katika damu kwa darubini ni kazi ndefu, na mara nyingi haonekani hata akiwamo. Mganga mmoja hawezi kuwapima hivyo watu wa vijiji mia. Basi Dutton na Todd wakashika njia fupi: kidole. Mganga apapase shingo ya kila mtu, upande wa nyuma. Akikuta tezi zimevimba, mtu huyo ahesabiwe kuwa na malale mpaka ithibitike kwamba hana. Dalili yenyewe ilijulikana zamani. Mganga Thomas Winterbottom alikuwa ameiandika mwaka wa 1803 kutoka Sierra Leone, naye aliipata kwa wafanya biashara ya watumwa, waliokataa kumnunua mtu mwenye tezi kama hizo. Fikirini: kanuni ya uganga iliyozaliwa katika soko la watu!

Kanuni hiyo ilifaa, wala hatuidharau. Iliwapata wagonjwa wengi kabla hawajaanza kusinzia. Lakini tezi za shingo huvimba pia kwa vidonda vya kichwani na kwa kifua kikuu. Kwa hiyo kidole kilewakamata na wasio wagonjwa. Tena jibu la kidole halikubaki kwa mganga. Serikali ilifanya sheria: msafiri awe na cheti cha mganga, kitabu kidogo chenye jina lake na alama ya kwamba amepimwa, asiye nacho asipite. Walioonekana wagonjwa walitengwa katika kambi, mbali na jamaa zao, na katika miaka ya kwanza wengi hawakurudi. Haishangazi kwamba mara nyingi watu walikimbilia msituni waliposikia msafara wa mganga unakuja. Sisi twadhani hilo ndilo la kwanza la kuuliza juu ya chombo chochote cha kumshauri mganga: likitoka jibu, linakwenda wapi, nalo linamfanyia nini mwenye shingo?

Dawa nazo zilikuwa na masharti makali. Atoksili, dawa ya kwanza, ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Robert Koch, Mjerumani yule maarufu, alipoitumia katika visiwa vya Sese huko Uganda, aliongeza kipimo, na wagonjwa 22 wakapofuka. Mwaka wa 1919 ikapatikana triparsamidi kule New York, na bibi mganga Louise Pearce akaja nayo Léopoldville mwaka wa 1920 kuijaribu. Hiyo iliweza kuufuata ugonjwa mpaka ndani ya ubongo, ingawa nayo iliweza kudhuru macho. Basi kabla ya kudunga sindano ilipasa kujua: je, ugonjwa uko katika damu tu, au umekwisha ingia kichwani? Jibu lilipatikana kwa kutoboa mgongo, kutoa maji ya uti, na kuhesabu chembe nyeupe. Hesabu ikiwa ndogo, dawa hii; ikiwa kubwa, dawa ile. Hapo mwuguzi wa kijijini, mwenye darubini na kalamu, alikuwa akifanya kwa mkono kazi ambayo leo tungempa kompyuta.

Vikosi vya wauguzi vilipita kijiji kwa kijiji, na daftari la majina likapita pamoja nao. Lilionyesha nani amepimwa, nani amedungwa sindano ngapi, na zaidi ya yote nani hakuja. Kazi hiyo ya kuchosha ilizaa matunda: karibu na mwaka wa 1960 malale yalikuwa machache sana katika Kongo nzima. Kisha zikaja fujo. Kisangani haitausahau mwaka wa 1964. Vikosi vilisimama, wauguzi walitawanyika, madaftari yaliliwa na mchwa. Mbung'o hawakusimama. Mwaka wa 1998 wagonjwa walioandikwa katika Kongo walipita 26,000, na hao ni wale walioonekana. Katika nchi ya Tshopo, Isangi, pale Lomami unapoingia katika mto Kongo, ugonjwa ulikuwa umerudi tena.

Sasa tutoke Kongo kidogo, tuone kompyuta ilivyoingia katika kazi hii.

Mwaka wa 1972, huko Leeds katika Uingereza, mganga F. T. de Dombal na wenzake waliandika habari za wagonjwa 304 wenye maumivu ya ghafula ya tumbo. Kompyuta ilitambua sawasawa wagonjwa karibu 92 katika kila 100. Mganga mkubwa wa kikosi alitambua karibu 80. Magazeti hupenda kukomea hapo. Lakini kompyuta ile ilipopelekwa nchi nyingine haikufaulu vile, maana ilikuwa imejifunza matumbo ya watu wa Leeds. Mashine iliyofundishwa kwa wagonjwa wa Ulaya haijui kwamba homa ya Kisangani yaweza kuwa malaria, au homa ya matumbo, au zote mbili pamoja.

Karibu nasi zaidi, huko Mosoriot, magharibi ya Kenya, daftari la kompyuta lilianzishwa mwaka wa 2001, na kutoka katika kazi ile ya nchi ya Eldoret ikatokea baadaye programu ya OpenMRS, itolewayo bure, ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi. Katika kliniki za UKIMWI za huko, kompyuta ilipewa kazi moja nyenyekevu: kuchapa karatasi ya mgonjwa na kumkumbusha mganga kwamba kipimo fulani cha damu kimechelewa. Habari zilizotolewa mwaka wa 2011 zilionyesha kwamba waliokumbushwa waliagiza kipimo mara 53 katika 100, na wasiokumbushwa mara 38. Ni faida kweli. Hata hivyo, kwa karibu nusu ya wagonjwa karatasi ilisema, na mganga hakuagiza. Pengine alikuwa na sababu njema, pengine foleni ilikuwa ndefu.

Dar es Salaam walikwenda mbele zaidi. Katika zahanati tisa, wauguzi waliwapima watoto wadogo wenye homa wakiongozwa na kompyuta bapa kama kibao cha shule, iliyouliza swali moja moja na kudai vipimo vichache vya tone la damu. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2017. Kwa kanuni hii mpya watoto 11 tu katika 100 walipewa antibiotiki. Kwa kanuni iliyoitangulia walikuwa 30. Tena walioshindwa kupona upesi walikuwa wachache zaidi. Anayejua jinsi antibiotiki zinavyouzwa sokoni kama karanga ataelewa uzito wa hesabu hiyo.

Na malale? Katika Kongo, upande wa Kwilu, vikosi vidogo vya pikipiki vilianza kuandika watu katika vibao vya namna hiyo hiyo. Mwuguzi hupiga picha ya kile anachokiona katika darubini, ili mwingine aliye mbali aweze kuhakikisha. Zamani neno la mwuguzi mmoja lilitosha kumtenga mtu. Sasa mdudu huonekana na macho ya wawili au watatu. Tangu mwaka wa 2018 wagonjwa walioandikwa kila mwaka katika Kongo nzima hawajafika 1,000. Mwaka ule ule ilikubaliwa feksinidazoli, dawa ya vidonge vya siku kumi, nayo ina kanuni yake: mgonjwa awe na miaka 6 au zaidi, awe na kilo 20 au zaidi, ale chakula kwanza, naye asipokuwa na dalili za ugonjwa mzito kichwani, asitobolewe mgongo.

Kanuni kama hiyo kompyuta huiweza vizuri kuliko mtu aliyechoka. Mama wa Isangi akimleta mtoto wa miaka saba, mwuguzi akaandika kilo 18, kibao kitakataa vidonge na kumwagiza achunguze maji ya mgongo. Mwuguzi akiandika 21, kitakubali. Kibao hakimwoni mtoto. Hakijui kama mizani ya zahanati imepotoka tangu mvua za mwaka jana, wala kama mama alimshikilia mtoto mkono alipokuwa akipimwa. Yule anayejua ni mwuguzi aliyesimama pale, mwenye kutazama mizani, kisha mbavu za mtoto, kisha mizani tena.