Bunduki ndogo katika njia ya Tabora: Silaha ya kazi au kichezeo cha shabaha?

WAGENI wengi wanaofika Kwihara, kilomita chache kusini magharibi mwa mji wa Tabora, huenda kuiona tembe ambamo David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja mwaka 1872. Habari wanazosimuliwa ni za homa, vitambaa, pembe za ndovu na wapagazi. Bunduki hutajwa kwa kupita tu, ingawa Stanley alipotoka Bagamoyo Machi 1871 msafara wake ulibeba silaha za aina nyingi kiasi kwamba mizigo yake ingetosha kufungua duka.

Katika orodha aliyoiacha mwenyewe zimo bunduki mbili za Kimarekani zilizoweza kufyatua mara 16 bila kujazwa upya, yaani Winchester moja na Henry moja. Zimo pia bunduki fupi za wapanda farasi za Starr na Jocelyn, za aina zilizotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865. Kulikuwa na bunduki moja nzito ya kuwindia tembo. Kwa ajili ya askari wake wa kawaida alichukua bunduki 24 za gumegume, zile ambazo leo wananchi wa Tabora wangeziita magobore bila kusita.

Orodha hiyo inagusa swali ambalo wapenda bunduki bado wanaulizana duniani kote: je, bunduki fupi, nyepesi, yenye risasi ndogo ina kazi ya kweli, au ni kitu cha kupigia shabaha uwanjani na kufurahisha macho? Katika njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, swali hilo lilijibiwa kwa damu. Jibu lenyewe halikuwa lile ambalo watengenezaji wa Winchester wangelitarajia.

Kwa vipimo vya wakati ule Winchester ilikuwa bunduki ndogo. Kipenyo cha mtutu wake kilikuwa kiasi cha milimita 11, ilhali bunduki za kijeshi za zamani zilikuwa na mtutu wa milimita 17 hadi 19. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 13 au 14 na ilisukumwa na baruti isiyofika gramu mbili. Ile bunduki ya tembo ya Stanley ilitumia risasi nane kwa ratili moja, maana yake kila risasi ilikuwa na uzito wa gramu 56 hivi, mara nne ya risasi ya Winchester. Kwa mnyama mkubwa tofauti hiyo haizibwi na wingi wa risasi. Risasi nyepesi inayokwama kwenye nyama au mfupa humjeruhi tembo na kumkasirisha, kisha mwindaji hubaki na risasi 15 nyingine zisizofaa.

Kwa kujilinda mambo yalikuwa tofauti. Mtu aliyeweza kufyatua mara 16 mfululizo alikuwa sawa na kikosi kizima cha wenye gumegume, kwani bunduki ya gumegume humchukua mtu hodari karibu nusu dakika kuijaza: baruti kwanza, kisha kitambaa au majani, risasi, kushindilia kwa mdeki, baruti kidogo ya kuwashia, ndipo alenge. Mvua ikinyesha, na Tabora mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, cheche za jiwe huangukia baruti iliyolowa na hakuna kinachotokea.

Hapo ndipo wengi hufungia mjadala, wakisema bunduki ya kisasa ilishinda. Yaliyotokea Agosti 1871 yanasema vingine.

Mwaka huo Mirambo, mtawala wa Urambo, aliifunga njia ya kwenda Ujiji baada ya kugombana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe. Waarabu wakakusanya jeshi ambalo Stanley alilihesabu kuwa na zaidi ya watu 2,000, wengi wao wakiwa na bunduki za kila namna, naye akajiunga nao na silaha zake. Kijiji cha Wilyankuru kilitekwa na kikosi cha Saud bin Said. Wakati wanarudi, wakiwa wamelemewa na pembe, vitambaa na mateka, watu wa Mirambo waliokuwa wamelala katika nyasi ndefu kandokando ya njia waliinuka ghafla. Saud aliuawa pamoja na wengi wa wafuasi wake, na baadhi ya askari wa Stanley wakawa miongoni mwa waliokufa. Jeshi lote likasambaratika. Agosti 22 Mirambo aliushambulia mji wa Tabora wenyewe, Khamis bin Abdullah akauawa alipotoka kumkabili, na sehemu ya mji ikachomwa moto.

Stanley alijifungia Kwihara akitoboa matundu ya kufyatulia risasi katika kuta za tembe. Septemba 20 aliondoka, lakini hakuelekea magharibi kwa njia ya kawaida. Alizunguka kusini kupitia Ugunda na Ukawendi ili kuikwepa nchi ya Mirambo, na ndivyo alivyomfikia Livingstone huko Ujiji. Bunduki ya risasi 16 haikumfungulia njia.

Sababu ya kwanza ni nchi yenyewe. Njia ya Unyamwezi hupita katika misitu ya miombo na mbuga za nyasi ambako mtu haoni mbali. Anayevizia hufyatua akiwa hatua 20 au 30 tu kutoka kwa adui. Kwa umbali huo, mtutu usio na mifereji ndani, ambao kwa mita 100 ni bahati nasibu, unaua sawasawa na bunduki yoyote ya Ulaya. Rugaruga wa Mirambo, vijana waliofunzwa kwenda kasi na kupigana karibu, walihitaji mlio mmoja wa pamoja, kisha mkuki. Muda mrefu wa kujaza upya haukuwadhuru sana, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha amuliwa katika mlio wa kwanza.

Sababu ya pili ni ya ghala, na pengine ndiyo nzito zaidi. Risasi za Winchester ya wakati ule zilikuwa na ganda la shaba lililowashwa kwa kugongwa ukingoni, na ganda la namna hiyo likishatumika halijazwi tena. Zikiisha mkononi, nyingine ziko pwani, mwendo wa miezi mitatu. Stanley mwenyewe alitoka Bagamoyo Machi 21 na kufika Unyanyembe Juni 23. Mzigo wa mpagazi mmoja, kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32, ungebeba risasi zipatazo 1,500 za bunduki hiyo, na mpagazi huyo alitaka posho na ujira wa vitambaa kila hatua ya njia. Tajiri wa Kimarekani mwenye gazeti nyuma yake aliweza kulipa. Mnyamwezi aliyekwenda pwani na pembe na kurudi na bunduki hakuweza, na hakuona sababu ya kufanya hivyo. Yeye alihitaji baruti iliyouzwa katika njia nzima na kipande cha risasi. Risasi ikikosekana, kipande cha chuma au hata kokoto ilitosha. Jiwe la kuwashia likivunjika alitafuta jingine.

Lugha yetu imeihifadhi historia hiyo vizuri kuliko makumbusho mengi. Kiswahili kinatofautisha bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe, bunduki ya fataki, na bunduki ya viasi, ile iliyojazwa risasi kwa nyuma. Hayo ni majina ya watu waliozinunua, wakazibeba na kuzitengeneza, maana mtu asiyejali chombo hakipi majina manne.

Idadi ya silaha zilizoingia nayo ilikuwa kubwa. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kuchukua bunduki za kujazwa nyuma katika miaka ya 1860 na 1870, yale magobore ya zamani yalitafutiwa soko, na Zanzibar ikawa mlango wake mkubwa. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Serikali za Ulaya zilitoa hukumu yake Julai 2, 1890 katika Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulizuia uingizaji wa bunduki zenye mifereji na silaha za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, Tabora ikiwa ndani yake. Lakini bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mwanya. Kwa maneno mengine, gobore lilihesabiwa kuwa karibu na kichezeo: kelele nyingi, madhara machache. Hiyo ilikuwa hesabu ya watu waliokuwa wakilinganisha bunduki na bunduki uwanjani, wala si nyasi za Wilyankuru.

Miaka miwili baadaye Wajerumani waliipima hesabu hiyo mbele ya boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe. Mashambulizi yao ya mwaka 1892 yalishindwa. Boma lilianguka Januari 1893 mikononi mwa Tom von Prince, na Isike alijilipua katika chumba cha baruti ili asikamatwe.

Kati ya hapo na leo silaha za Tabora zilibadilika mara nyingi. Askari wa Kijerumani waliingia katika Vita Kuu ya 1914 wengi wao wakiwa bado na bunduki za mwaka 1871 zilizotoa moshi mzito wa kuwafichua, na Septemba 19, 1916 mji ukachukuliwa na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo. Gobore halikuondoka. Mafundi wa vijijini bado hulitengeneza kwa bomba la maji na mbao, na polisi hulikamata mara kwa mara katika mikoa yenye misitu, Tabora ikiwemo. Wenye nalo huwa na majibu yanayofanana: kufukuza ngiri na nyani shambani, au kupata kitoweo. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili mlipuko. Linapopasuka, hupasukia usoni na mkononi mwa mfyatuaji.

Bunduki ndogo halali ya siku hizi, ile ya kaliba .22, ina risasi ya gramu 2.6 tu. Ni nzuri kwa mafunzo, kwa mashindano ya shabaha na kwa ndege kama kanga. Zaidi ya hapo haipaswi kusifiwa. Kwa tembo na nyati, kanuni za uwindaji nchini hutaka kaliba isiyopungua .375, na sababu ni ileile ya gramu 14 dhidi ya gramu 56. Mkulima wa Sikonge au Urambo anayedhani bunduki nyepesi itamlinda dhidi ya nyati aliyejeruhiwa anajidanganya, na kwa hilo historia ya njia ya misafara haimpi faraja yoyote.

Mbele ya sheria udogo wa silaha haupunguzi uzito wa kosa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni, na mahakama zimekuwa zikiwatia hatiani watu waliokutwa na gobore moja tu ndani ya nyumba. Utetezi unaorudiwa sana mahakamani, kwamba silaha ni ya babu na haijafyatuliwa miaka mingi, hauondoi kosa. Leseni ni ya mtu, si ya ukoo: mwenye silaha akifariki dunia, warithi wanatakiwa kuifikisha polisi.

Tangu mwaka 2017 Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ambapo anayesalimisha kwa hiari katika kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji hashitakiwi kwa kuimiliki. Msamaha hudumu katika siku zilizotangazwa tu. Anayekutwa na gobore siku ya pili yake hushitakiwa kama mwingine yeyote.