Kasha la Sony, Bodi ya Kichina

Fungua mgongo wa runinga kuukuu ya rangi kwenye kibanda cha fundi hapa Eldoret, na huenda ukakuta vitu viwili visivyozaliwa pamoja. Kasha limeandikwa Sony Trinitron. Ndani kuna bodi ndogo ya Kichina, zile zinazouzwa kwa ajili ya runinga ya aina yoyote, imekazwa kwa skrubu mbili mahali ambapo bodi ya Kijapani ilijaza sakafu nzima. Remoti iliyokuja nayo ina jina la kampuni nyingine kabisa. Picha inatoka, tena inatoka vizuri.

Mkusanyaji wa runinga za kale kule Marekani akiona hivyo atasikitika, maana kwake runinga hiyo imeshapotea. Mimi naiona kuwa imeokolewa, na naamini siku Eldoret itakapopata wakusanyaji wake, bodi hiyo haipaswi kuguswa.

Tumtendee haki kwanza huyo Mmarekani, kwa sababu mapenzi yake kwa kazi hii si ya mzaha. Katika mji wa Hilliard, jimbo la Ohio, kuna Early Television Museum, makumbusho ya runinga za mwanzo. Mashine inayowakosesha usingizi wapenzi wa fani hii ni RCA CT-100, runinga ya rangi ya mwaka 1954 iliyouzwa kwa dola 1,000. Tyubu yake, 15GP22, ina udhaifu pale kioo kinapoungana na chuma: hewa hupenya polepole, na hewa ikishaingia tyubu imekufa. Watu wametumia miaka mingi kutafuta namna ya kuifufua. Hata kapasita ya karatasi inayovujisha umeme hawaitupi. Huyeyusha nta yake, wakatoa kilichomo, wakaingiza kapasita mpya ndogo ndani ya ganda lilelile na kuziba tena kwa nta, ili anayechungulia aone kile alichokiona mfanyakazi wa kiwandani. Na wanafanya haya muda ukiwakimbia. Hawk-Eye ya Des Moines, kiwanda cha mwisho nchini Marekani kilichokuwa kikifufua tyubu, kilifungwa mwaka 2010, na RACS ya Ufaransa ikafuata miaka michache baadaye.

Huku kwetu mambo yalienda kwa njia nyingine. Kenya ilianza kurusha runinga mwaka 1962, nyeusi na nyeupe, na rangi haikuingia Sauti ya Kenya hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Zanzibar ilitutangulia: kituo chake kilifunguliwa mapema katika muongo huo kikiwa cha rangi tangu mwanzo, huku Tanzania Bara ikikaa bila kituo chochote hadi mwaka 1994. Runinga ya rangi ilikuwa mali ya wachache na watazamaji walikuwa mtaa mzima. Ilikaa ndani ya kabati lenye milango ya kufungwa kwa ufunguo, juu yake kitambaa cha kufuma kilichoteremka hadi kwenye matundu ya hewa ya nyuma. Mafundi wanakijua sana kitambaa hicho. Joto hubaki ndani, kapasita zikakauka, na picha ikaanza kusinyaa juu na chini. Ongeza radi za kaunti yetu ya Uasin Gishu msimu wa mvua, na stima inayopotea kisha ikarudi kwa kishindo. Mwenye runinga hakuuliza kama kipuri kimetoka kampuni ileile. Alitaka kujua kama itakuwa imepona kabla ya kipindi cha vichekesho cha Vitimbi.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni shida tu, na shida haipaswi kugeuzwa kuwa mila. Nami ningekubali, kama si jambo moja ambalo wapenda uasilia hawalitilii maanani vya kutosha: runinga ya rangi ya tyubu imefungamana na mahali ilipo. Ndani ya shingo ya tyubu hutoka miale mitatu ya elektroni, na kila mmoja sharti uangukie rangi yake, nyekundu, kijani au buluu. Usumaku wa dunia huipinda miale hiyo. Uingereza nguvu ya usumaku huingia ardhini kwa mwinamo mkali. Eldoret, nusu digrii hivi kutoka ikweta, imelala zaidi. Ndiyo maana viwanda vingine vilitoa tyubu za kaskazini, za kusini na za ikweta. Runinga iliyorekebishwa London ikiletwa hapa inaweza kumpaka msomaji wa habari doa la zambarau shavuni. Fundi huwasha wekundu mtupu, kioo kizima, kisha huzungusha pete za sumaku kwenye shingo ya tyubu, unywele kwa unywele, huku akitazama wekundu ukienea hadi pembeni. Ukikaa sawa, hutia tone la rangi ya kucha ili pete zisicheze. Ukizirudisha pete hizo zilivyokuwa zilipotoka kiwandani, utakuwa umeirudisha runinga ugenini.

Kuna pia mwinuko. Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyembamba huzuia umeme kwa udhaifu zaidi kuliko hewa ya Mombasa. Tyubu kubwa ya rangi hutaka volti zipatazo 25,000, na huku juu volti hizo hupata urahisi wa kuruka. Ndiyo sababu ya ile silikoni iliyopakwa kwa wingi kuzunguka kifuniko cha anodi, na ile waya nene iliyosogezwa mbali na chuma. Pwani adui ni chumvi na kutu, na fundi wa kule ana dawa zake.

Mfano ulionishawishi zaidi unatoka Korea Kusini. Katika makumbusho ya taifa ya sanaa huko Gwacheon umesimama mnara wa runinga 1,003, kazi ya msanii Nam June Paik. Uliwashwa mwaka 1988, mwaka wa Olimpiki ya Seoul, ile ambayo Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki walitwaa dhahabu na kuwafanya watu wa Bonde la Ufa wabanane mbele ya kioo chochote kilichopatikana. Mwaka 2018 mnara ukazimwa kwa sababu za usalama. Wataalamu wakabishana miaka: wasubiri tyubu, wabadilishe zote, au wauache giza? Mwishowe tyubu zilizowezekana zikatengenezwa au kubadilishwa kwa kuukuu nyingine, na skrini 266 za juu zikawekewa paneli bapa bila kuharibu umbo la nje. Mwaka 2022 mnara ukawaka tena kwa majaribio. Makumbusho ya taifa, yenye bajeti na kamati, yalifika palepale alipofika fundi wa Eldoret zamani: kasha libaki, matumbo yabadilike, picha iwake.

Tofauti ni kwamba Wakorea waliandika kila walichobadilisha, na hapa ndipo mafundi wetu wanapoteza haki yao. Bodi ya zamani hunyofolewa flaibeki na transista, iliyobaki ikatupwa, na hakuna ajuaye nani alibadilisha nini na lini. Mwaka 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa, runinga nyingi za chogo, yaani za tyubu, ziliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, zikavunjwa kwa ajili ya shaba ya koili. Zilizosalia nyingine zina tundu lililotobolewa nyuma kwa ajili ya waya za king'amuzi. Tundu hilo lisizibwe. Ukilikuta, unajua runinga hiyo ilivuka mwaka 2015 ikiwa hai, na kwamba kuna mtu aliyeona inafaa kuvushwa.

Kwa hiyo anayetaka kuanza kukusanya hapa aanze na mafundi wenyewe, wale wenye mvi waliojifunza kwa vali kabla ya transista, kabla hajaanza kununua makasha. Akae nao runinga ikiwa wazi, waeleze kila kiungo cha lehemu ni cha nani na cha mwaka gani, naye aandike kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha nyuma: bodi imebadilishwa, mwaka fulani, kwa sababu ya radi, pete zimerekebishwa, Eldoret.