Kutoka Panga hadi Msumeno wa Injini: Kumbukumbu ya Petite Barrière



Kamati imetuomba sisi walimu tuandike kidogo katika toleo hili la Siku ya Wakimbizi Duniani. Tumechagua jambo linaloonekana dogo, yaani kukata miti. Sababu ni hii: mwaka huu msumeno wa injini, mkubwa na wa zamani, umeingia katika stoo ya Kamati kwa ajili ya magogo ya mikaratusi ya jiko la shule. Wiki ya kwanza kijana mmoja aliuwasha akiuning'iniza mkononi. Mnyororo ulipasua suruali yake juu ya goti, na kwa neema ya Mungu ukaishia kwenye kitambaa. Tangu siku hiyo tumeona kwamba kukabidhi chombo bila mafundisho ni hatari, na mafundisho bila historia hayakai kichwani.

Mlango tuliopitia

Petite Barrière tunaijua sote, pale Gisenyi inapogusana na mtaa wa Birere wa Goma. Baadhi yetu tulipita pale mwaka 1996 tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Wengine walikuja mwaka 2012, na wengine tangu 2022. Lakini kabla yetu njia zile za mpakani zilikanyagwa kwa upande mwingine. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na kushindwa kwa serikali iliyoyaendesha, Wanyarwanda wapatao laki nane waliingia Goma kwa siku chache tu. Walipangwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika, iwe kwa choo au kwa kaburi. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu.

Maji yalihitaji kuchemshwa, na maharagwe yanajulikana: hayaivi kwa moto wa majani. Kila siku makumi ya maelfu ya watu waliingia katika Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, wakiwa na panga na mashoka. Mashirika yalinunua kuni za mashamba ya miti na kuzileta kwa malori, lakini hazikutosha. Desemba 1994 UNESCO iliandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kambi zilipovunjika mwaka 1996, msitu ulikuwa umeharibiwa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100.

Hatusemi haya ili kumlaumu mama aliyebeba mzigo wa kuni. Mtoto akilia njaa, mti hauwezi kujitetea. Tunasema ili ijulikane kwamba msitu ule uliangushwa hasa kwa panga na shoka. Tukumbuke basi mkono mmoja wenye injini unaweza kufanya nini.

Mbao za Goma

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Gisenyi. Waliporudi walijenga nyumba nyingi za mbao juu ya mawe yaliyopoa. Wazee wetu waliofanya kazi ya mbao wanakumbuka msumeno wa shimo, mtu mmoja juu ya gogo na mwenzake chini, akila unga wa mbao siku nzima. Msumeno wa injini, ambao wengi kwetu huuita kwa Kifaransa tronsonezi, uliwapunguzia jasho. Fundi anapiga mstari kwa kamba iliyochovywa katika weusi wa betri kuukuu, kisha anafuata mstari kwa jicho. Hasara yake ni kwamba mnyororo hula karibu sentimita moja ya mti kwa kila mpasuo. Ukipasua mbao kumi, kama tatu zimekwenda na vumbi.

Chombo chenyewe kilitoka Ujerumani. Andreas Stihl alipata hataza ya msumeno wa umeme mwaka 1926, na mwaka 1927 Emil Lerp akajaribu wa petroli kwenye mlima Dolmar. Hiyo ya kwanza ilibebwa na watu wawili. Baada ya vita kuu ya pili, Mmarekani Joseph Cox aliangalia funza wa mbao anavyotafuna kulia na kushoto, akatengeneza meno ya mnyororo kwa mfano wake. Meno ya leo ni watoto wa meno hayo. Breki ya mnyororo ilikuja miaka ya 1970. Msumeno wetu hauna breki hiyo, na kila anayeushika alijue hilo kwanza.

Namna ya kuuwasha

Petroli peke yake huua injini hii, kwa sababu oili yake hupitia humo humo katika mafuta. Kwa mashine ya zamani kama hii, changanya lita moja ya oili ya injini za namna hiyo na lita 25 za petroli, yaani mililita 200 kwa dumu la lita 5. Tikisa dumu kabla ya kumimina. Oili ya mnyororo ina tangi lake, usisahau kulijaza.

Weka msumeno chini mahali pasipo mawe. Mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele, mguu wa kulia ukanyage mpini wa nyuma. Funga choki. Vuta kamba polepole mpaka uhisi uzito, ndipo uvute kwa nguvu. Ukisikia imekohoa mara moja, fungua choki, vuta tena. Wengi hukosea hapa: wanaendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa, plagi inalowa, wanasema mashine imekufa. Fungua plagi, ikaushe, vuta kamba mara kadhaa bila plagi, rudisha.

Jambo jingine ni milima yetu. Goma na Gisenyi ziko kama mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Msumeno uliorekebishwa pwani utatoa moshi mwingi na kukosa nguvu huku. Kabureta irekebishwe na fundi. Ukipunguza mafuta kupita kiasi, pistoni itaungua.

Usikate kwa ncha ya juu, maana msumeno hurudi usoni kwa ghafla kuliko mkono. Ukigusa jiwe la lava mara moja, meno yamekwisha, chukua tupa. Kabla ya kuangusha mti, tayarisha njia ya kukimbilia, nyuma na pembeni. Watoto wawe mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti.

Neno la mwisho

Tunaomba Kamati iteue watu wawili tu wa kuushika, wafundishwe, wapewe kofia ngumu na viatu, na kila mti uwe na kibali. Tunaomba mashirika yatusaidie miche. Sisi walimu tutaipanda pamoja na wanafunzi, na majina ya watunzaji yataandikwa darasani. Haba na haba hujaza kibaba: ndivyo msitu ulivyokwisha, mzigo kwa mzigo, na ndivyo utakavyorudi, mche kwa mche.