Maji ya Sayyid Barghash na Bahari ya Unguja

Tunapowasimulia wajukuu wetu habari za Mji Mkongwe, hatuachi kumtaja Sayyid Barghash bin Said (1870–1888), aliyeleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi. Neema hiyo ilifuatia kipindupindu cha 1869–70 kilichoua maelfu ya watu. Lakini maji yaingiayo mjini hayana budi kutoka. Mifereji iliyojengwa zama za himaya ya Waingereza iliyamwaga pwani pamoja na uchafu wote, bila kusafishwa. Mwaka 1995 wataalamu walieleza kuwa fosfati ya majitaka hayo hudhoofisha mwani wenye chokaa, ambao huimarisha miamba ya matumbawe. Basi tunapochangia ukarabati wa majumba ya wazee wetu, tuulize pia mifereji yake inamwaga wapi.