Mtunzi wa Burda na Makarani wa Bilbays

Ni wachache katika Mwambao wetu wasiolijua jina la Imamu Sharafuddin Muhammad bin Said Al-Busiri. Burda yake husomwa misikitini na majumbani, na Hamziya yake ilitiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarusi bin Athumani wa Pate. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini diwani yake ina pia hijaa, yaani mashairi ya kukebehi, na huo ndio upande tunaotaka kuuzungumza.

Al-Busiri alizaliwa Misri mwaka 608 Hijria (1212). Hakuwa mtu wa mali. Katika zama za Mamaluki alifanya kazi ya ukarani mjini Bilbays, jimbo la Sharqiyya, na huko akawaona wenzake wa ofisini walivyokuwa. Akawatungia kasida ndefu yenye kina cha nuni. Anawashitaki kwa kuiba nafaka, kisha anauliza, kama si wizi huo, hariri wanazovaa zingetoka wapi? Hakuwasaza makadhi waliohini amana ilhali wakiitwa waaminifu. Na kikali zaidi, kwa maoni yetu, ni pale anapowacheka waliojitia uchaji mpaka watu wakadai dua zao hujibiwa, nao matumbo yamejaa haramu. Sisi tunaopanda mimbari tukisome kipande hicho kwanza.

Je, inajuzu? Qur'ani imekataza watu kuwadharau watu wengine (Al-Hujurat, 11). Lakini katika An-Nisaa, aya ya 148, aliyedhulumiwa ameruhusiwa kuutangaza ubaya aliotendewa, na mwisho wa Ash-Shu'araa umewatoa katika lawama washairi walioamini, wakatenda mema na kujitetea baada ya kudhulumiwa. Basi mpaka uko wazi: hukebehiwa dhuluma na mwenye kuitenda. Kwa uadilifu tuseme kwamba Al-Busiri mwenyewe aliuvuka mpaka huo, kwani katika kasida hiyohiyo alitoka kwenye wizi wa makarani akaingia kuzisema dini zao, Manasara na Mayahudi. Hilo hatulichukui kwake.

Alipojisema mwenyewe alikuwa mpole zaidi, na labda ndipo alipouma zaidi. Kwa waziri mmoja alipeleka shairi la kulalamikia ufukara: watoto tele, sikukuu imefika, ngano hakuna. Mkewe anakwenda kwa dada yake, naye anamshauri akadai haki yake, na mume akikataa, amnyonyoe ndevu unywele mmoja mmoja! Waziri acheke, lakini akishacheka amekwisha kujua kwamba nyumba ya mtumishi wa serikali haina mkate.

Ibn Shakir Al-Kutubi amepokea kisa kingine. Mkuu wa Sharqiyya aliazima punda jike wa Al-Busiri, akampenda, akamzuia na kumpelekea mwenyewe dirhamu 200. Maskini atamkatalia nani? Al-Busiri akaandika beti chache kwa ulimi wa punda. Punda anamsifu mkuu kwa fadhila zake, anamwita bwana wake mjinga kwa kumuuza, anasema hamu yake ni kurudi kwao akale majani, kisha anatoa hoja ya kifiqhi kwamba si halali kumchukua. Waliosoma mlango wa ummul-walad watautambua mzaha wenyewe, nasi tunauacha hapo.

Mkuu yule akamrudisha punda, wala hakuzidai dirhamu zake.