Taka za Kisiwani, Jaa la Ng'ambo

Wa kwanza kuletwa pwani hii makusudi kwa kazi ya taka hakuwa mtu. Alikuwa kunguru. Karibu mwaka 1891 Waingereza waliokuwa wakitawala mambo ya Zanzibar waliagiza ndege hao kutoka Bara Hindi waje wale mabaki yaliyojaa vichochoroni. Walikula mabaki, wakala na mayai ya ndege wenyeji, wakageukia vifaranga vya kuku. Kufikia miaka ya 1940 walikwisha kuonekana Mombasa. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likatangaza kwamba linataka kuwapunguza kunguru milioni 1. Hivyo ndivyo mipango ya taka ya huku inavyokwenda: aliyeipanga hupata afueni siku ile, na mzigo huhamia kwa jirani au kwa mjukuu.

Mimi hununua taka. Nina mizani, turubai na ua wa mabati Kisauni, na vijana wa mikokoteni huniletea chupa, madumu, chuma kuukuu na katoni. Nimezaliwa Chaani, upande wa Changamwe, na nimewahi kuolewa Likoni, kwa hiyo ng'ambo zote tatu nazijua kwa pua. Watu wa kisiwa cha Mombasa wanapoulizana taka zao huenda wapi, jibu ni kwamba huja kwetu.

Mamangu hakuwa na pipa la taka, na sikumbuki kuliona kwa jirani yeyote. Uani palifagiwa kwa ufagio wa chelewa, na kilichozolewa kilikuwa na mwenyewe tayari. Maganda ya ndizi na muhogo yalikwenda kwa mbuzi. Makumbi ya nazi yalikaushwa yakawashia moto, na kipande kimoja kikabaki cha kusugulia sufuria kwa jivu. Vifuu vilitiwa mpini vikawa upawa, ama vikachomwa. Debe la mafuta lilipoanza kuvuja, fundi bati alilikata akatoa koroboi. Tairi la lori lililokwisha likawa makatambuga. Chupa za kioo zilikuwa na wanunuzi wake, waliopita mitaani na magunia wakizitaka kwa sauti, nasi watoto tulizificha chini ya kitanda tusubiri bei. Njugu na mabajia vilifungwa kwa gazeti. Kilichobaki baada ya hayo yote kilitupwa jaani nyuma ya nyumba, kikaoza, na mchicha ukajiotea wenyewe pale.

Sisemi mji ulikuwa safi. Mitaro ilinuka, na mvua ya masika ilipopiga Chaani tulivuka maji ya rangi ambayo sitaitaja. Ninachosema ni kwamba taka ya wakati ule ilikuwa inaoza, ama ilikuwa inauzika. Juala la nailoni halikuweza hata moja kati ya hayo. Lilipoingia madukani likapewa bure, hata kwa nyanya mbili, na mwenye kikapu cha ukindu akaonekana mshamba. Likaziba mitaro, likanaswa kwenye mikoko, likaliwa na mbuzi wale wale waliokuwa wakitusafishia ua. Mbuzi akichinjwa, tumboni hutoka fundo la nailoni. Serikali ilipiga marufuku majuala ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Wengi walicheka, kisha wakatii. Mitaro ya kwetu ilionyesha tofauti. Lakini chupa ya maji haikuguswa na sheria ile, na ndiyo inayonilisha.

Sasa jaa la Kibarani. Kuanzia mwaka 1929 kisiwa kiliunganishwa na Changamwe kwa tuta la Makupa, mawe na udongo vilivyomwagwa baharini mpaka gari likapita. Maji yaliyokuwa yakipita kati ya hori la Tudor na lile la Port Reitz yakakatwa. Upande wa Changamwe wa tuta hilo, ukingoni kabisa mwa bahari, ndipo mji ulipoamua kumwaga taka zake. Kwa miaka na miaka malori yalipanda, yakainua matumbo, yakashuka matupu. Rundo likawa kilima, na kilima kikawa kinamomonyoka kila maji yakijaa. Kwa hiyo sehemu ya taka za Kibarani haikukaa Kibarani; ilibebwa na bamvua, ikatua kwenye mikoko ambako wavuvi walitaraji kamba na kaa.

Watu waliishi pale. Kulikuwa na vibanda, watoto, mama ntilie, na utaratibu ambao mpita njia hakuuona: nani ana haki ya lori gani, nani anaokota chuma na nani nailoni. Mimi niliwajua wengi kwa sababu nilianza biashara kwa kununua kwao. Mjini waliitwa chokora. Pale jaani waliitana kwa majina yao. Moshi haukuzimika, na ulivuka barabara kuu ya Nairobi, abiria wa matatu wakawa wanafunga madirisha kwa pamoja kama walioambiwa.

Na hapo ndipo ninapoitofautisha hadithi ya Kibarani na sherehe zake. Mwaka 2018 jaa lilifungwa. Udongo ukamwagwa juu, nyasi na miti ikapandwa, likawa bustani, na watu wakaja kupiga picha. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa na maji yakapewa njia yao tena. Nafurahi, kwa nini nisifurahi? Lakini wakazi wa Changamwe walikuwa wamelia na moshi ule muda mrefu bila jibu. Naamini jaa lilifungwa kwa sababu lilikuwa mlangoni, ambapo kila mgeni anayetoka Nairobi kwa gari alilazimika kulipita. Taka hazikupungua hata kilo moja siku ile. Zilibadilisha njia, zikavuka daraja la Nyali, zikaja Kisauni.

Zilikwenda Mwakirunge, kule ndani kupita Utange, kwenye minazi na mihogo, ambako baraza la manispaa lilikuwa limekwisha kuweka jaa kabla ya kaunti kuzaliwa. Mwakirunge hakuna mtalii anayepita. Malori husikika alfajiri, na njiani hudondosha, kwa hiyo hata aliye mbali na jaa hupata fungu lake. Waokotaji wengi wa Kibarani walifuata malori. Wengine waliacha kabisa, wakawa hamali ama wakarudi mashambani. Hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Bustani ilikuwa na mpango wa miti. Watu hawakuwa na mpango.

Likoni nayo ina lake, Shonda. Feri imevusha watu na magari Likoni tangu mwaka 1937, na yeyote aliyepanga foleni pale anajua kwamba lori la taka si mzigo wa kuubembeleza. Kwa hiyo taka za Likoni hubaki Likoni, karibu na bahari, na sauti ya watu wake ndiyo hubaki ng'ambo.

Kinachoniudhi ni kwamba hapa hapa Kisauni tuna ushahidi kwamba ardhi iliyoharibiwa hurudi. Machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa mawe matupu ya matumbawe yaliyoungua jua. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje pale, akaleta majongoo wasage majani yake yawe udongo, na leo ni msitu wenye viboko na twiga, na watu hulipa kiingilio. Lakini ile ilikuwa ardhi yenye mwenyewe, na mwenyewe alitaka irudi. Jaa ni la wote kwa kumwaga, na si la mtu kwa kulitunza.

Kuna taka moja sinunui: betri za gari. Kijana alinijia siku moja na tatu ndani ya gunia.

"Mama, hizi zina pesa."

"Zina pesa na zina kifo. Zipeleke unakojua, mwanangu, hapa zisishuke."

Aliondoka amenuna. Hakuwa amezaliwa mbali na Owino Uhuru, kijiji cha mabati kule Mikindani, ambako mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi. Wakazi waliugua, watoto wakapimwa wakakutwa na risasi damuni. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza mapambano mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Waliozikwa katikati hawakusikia hukumu yoyote kati ya hizo. Kile nacho kilikuwa kiwanda cha kutumia taka upya, neno ambalo siku hizi hupigiwa makofi kwenye kila mkutano wa mazingira. Mimi nikilisikia huuliza kwanza: taka ipi, na nyumba ya nani iko ukutani?

Biashara yangu ina maudhi yake madogo. Chupa hutiwa maji au mchanga ziwe nzito. "Mama, mizani yako leo yala," mwokotaji ananiambia, naye chupa zake zinamwaga. Bei hupangwa mbali. China ilipofunga mlango kwa taka za plastiki kutoka nje, Januari 2018, mnunuzi niliyekuwa nikimpelekea marobota aliacha kushika simu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya chuma kuukuu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, na kwa miezi kadhaa vijana wa mikokoteni walishinda kijiweni.

Mwaka huo huo wa 2022 ilipita sheria mpya ya taka. Inataka kila nyumba itenganishe taka inayooza na isiyooza, na kila kaunti iwe na mahali pa kuchambulia kabla ya kutupa. Mamangu angeshangaa kwamba hilo lahitaji bunge. Mtaani kwangu wachache hutenganisha, kisha mkokoteni huja na gunia moja, ukazichanganya tena.

Huku nyuma mji unaongezeka kuelekea ndani. Mashamba ya Utange na kupita hapo yanapimwa, vigingi vinapigwa, viwanja vinauzwa kwa watu waliochoshwa na kodi za kisiwani. Madalali wa ardhi hupita mbele ya ua wangu na wateja wao garini. Mwenye akili humpeleka mteja msimu ambao upepo unapeleka moshi wa jaa kwa jirani, akachukua arbuni siku hiyo hiyo.