Mgonjwa wa presha, sukari au moyo akija kung'oa jino: Mwanafunzi wa udaktari wa meno anafundishwa nini?

Jino limeuma wiki nzima. Mgonjwa anafika kliniki, anaulizwa kama ana ugonjwa wowote, anajibu: "Sina, ni jino tu." Hasemi kwamba kila asubuhi anameza vidonge vya presha, wala kwamba aliwahi kupasuliwa moyo. Pengine haoni hayo yanahusiana vipi na jino. Pengine anaogopa kwamba akisema, ataambiwa arudi nyumbani na maumivu yake.

Kumsaidia mgonjwa wa namna hii ni sehemu muhimu ya mafunzo ya daktari wa meno. Katika vyuo vikuu kama MUHAS cha Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, shahada ya udaktari wa meno huchukua miaka 5. Kabla ya kushika koleo, mwanafunzi husoma kwanza jinsi mwili mzima unavyofanya kazi, magonjwa yake na dawa zake.

Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza linajulikana: kumtibu mtu bila kujua hali yake, halafu avuje damu bila kukoma au azimie kwenye kiti.

La pili halizungumzwi sana: kumrudisha mgonjwa kwa woga. Daktari anasikia "nina kisukari" na kusema "siwezi kukugusa." Jino lenye usaha linabaki mdomoni, maambukizi yanapandisha sukari, na sukari ikipanda maambukizi nayo yanazidi. Usaha wa jino ukishuka chini ya ulimi na shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Kwa hiyo somo hili halihusu tu nani asitibiwe. Linahusu zaidi namna ya kumtibu salama.

Kuuliza ni kazi

Swali la "una ugonjwa wowote?" mara nyingi hupata jibu la "sina." Mwanafunzi hufundishwa kulivunja vipande: Unatumia dawa gani kila siku, za hospitali na za mitishamba? Umewahi kulazwa au kupasuliwa? Ulipong'olewa jino mara ya mwisho, damu ilikatika haraka? Kuna dawa inayokuletea vipele au kukuvimbisha? Ukipanda ngazi, unaishiwa pumzi?

Mengine huulizwa faraghani, kama ujauzito au dawa za kufubaza VVU. Mwenye VVU anayeendelea vizuri na dawa hutibiwa meno kama wagonjwa wengine.

Majibu humsaidia mwanafunzi kumpanga mgonjwa kwenye madaraja ya ASA, mfumo ulioanza Marekani mwaka 1941. La kwanza ni mtu mzima wa afya, la pili ana ugonjwa mwepesi uliodhibitiwa, la tatu ugonjwa mzito, la nne ugonjwa unaotishia maisha muda wote. Kwenye kliniki ya kufundishia, mwalimu hupitia maelezo hayo kabla mwanafunzi hajaanza kazi.

Hali zinazokutwa mara kwa mara

Presha: Hupimwa kabla ya ganzi. Ikifika 180/110 au zaidi, matibabu yasiyo ya haraka huahirishwa na mgonjwa hupelekwa kwa daktari wake. Ganzi nyingi za meno zina adrenalini kidogo ili zidumu. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 chenye adrenalini ya 1 kwa 100,000 kina miligramu 0.018. Kwa mwenye moyo dhaifu, kiwango kinachofundishwa ni kisichozidi miligramu 0.04, yaani vichupa viwili hivi. Lakini kumnyima ganzi si suluhisho, maana maumivu yenyewe hupandisha presha.

Kisukari: Miadi bora ni asubuhi, mgonjwa akiwa amekula na kutumia dawa zake. Hatari ya papo hapo kwenye kiti ni sukari kushuka: chini ya 3.9 mmol/L mtu anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Akiwa bado na fahamu hupewa kitu cha sukari. Akizimia, hawekewi chochote mdomoni.

Dawa za kuzuia damu kuganda: Zamani wengi waliambiwa waache warfarini siku kadhaa kabla ya kung'oa jino. Leo mwanafunzi anafundishwa kutomwachisha mgonjwa ovyo. Damu ya kwenye fizi inaweza kuzuiwa kwa kubana shashi na kushona, lakini damu ikiganda kwenye ubongo inaweza kuua. Mwongozo unaotumika Uingereza unaruhusu kung'oa bila kusimamisha warfarini kama kipimo cha INR kiko chini ya 4.

Moyo: Mwenye vali bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ya utando wa ndani ya moyo, hupewa antibayotiki kabla ya kung'oa. Kwa mtu mzima asiye na mzio wa penisilini, kawaida ni amoksisilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla. Tangu mwaka 2007, mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani uliwabakiza walio katika hatari kubwa tu, si kila mwenye tatizo la moyo.

Ujauzito: Muda mzuri zaidi ni miezi mitatu ya katikati, ila usaha na maumivu makali havisubiri. Mimba ikiwa kubwa, mama huegemezwa ubavu wa kushoto ili mtoto asikandamize mshipa mkubwa wa damu.

Mambo yakiharibika

Kinachotokea zaidi kwenye kiti cha meno ni kuzimia kwa woga. Tiba yake ni kumlaza chali na kuinua miguu. Wanafunzi pia hufanya mazoezi kwenye sanamu: kukandamiza kifua mara 30, kisha pumzi 2. Hurudiwa mpaka mikono izoee, kwa sababu siku yenyewe ikifika hakuna muda wa kufungua daftari.

Wewe mgonjwa ufanye nini?

Beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na kadi ya kliniki. Mwenye pumu abebe na kipulizio chake. Kunywa dawa za asubuhi kama kawaida, usiache yoyote mpaka daktari akwambie. Ukiulizwa una ugonjwa gani, usijibu "ni jino tu." Taja kila kitu, hata kile unachodhani hakihusiani.